Mwulize Amepataje: Hisabati ya Watoto wa Njombe na Makambako

Leo nazungumza juu ya Hisabati ya shule ya msingi, na naanza na hesabu yenyewe: 52 kutoa 27.

Mtoto wa darasa la tatu ameipanga vizuri, makumi chini ya makumi na mamoja chini ya mamoja, kisha akaandika jibu 35. Mwalimu mwenye madaftari 80 mezani atapita na kalamu nyekundu, ataweka alama ya kosa na kuendelea. Lakini mtoto yuleyule ukimwita pembeni ukamwuliza kwa upole, "Umepataje 35?", atakujibu bila kigugumizi: saba toa mbili, tano, tano toa mbili, tatu. Hakubahatisha. Ana kanuni yake, nayo inasema namba ndogo hutolewa kwenye kubwa, haijalishi ipi iko juu na ipi iko chini. Kanuni hiyo tulimpa sisi wenyewe alipokuwa darasa la kwanza, tulipomwambia kwamba huwezi kutoa kubwa kwenye ndogo. Aliishika, akaitunza, akaitumia mahali isipofaa. Alama nyekundu haimwambii hayo. Kesho atapewa hesabu 10 za aina hiyo na atazikosa zote 10 kwa uaminifu uleule.

Tukizungumzia zana za kufundishia Hisabati, kila mtu hukimbilia kutaja vitu: vitabu havitoshi, chati hakuna, kompyuta ndiyo kabisa. Ni kweli havitoshi, na nitafika huko. Ila kwangu mimi zana ya kwanza ya somo hili ni hilo swali, umepataje, na ndilo linaloulizwa mara chache kuliko yote. Mwalimu akishajua mtoto amepataje ndipo anapojua achukue kifaa gani na akitumie vipi. Asipojua, hata umletee kontena zima la vifaa, vitakaa kabatini.

Turudi kwa huyu mwenye 35. Chukua mianzi, hii hii tunayogemea ulanzi, chonga vijiti 100 vyembamba vya urefu wa kidole. Vifunge kumikumi kwa uzi au kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, na vichache uviache huru. Mwambie mtoto aweke 52 mezani. Ataweka mafungu 5 na vijiti 2. Sasa mwambie aondoe 27. Ataanza kutafuta vijiti 7 vilivyo huru, ataona viwili tu. Hapo, mwalimu mwenzangu, nyamaza. Usimsaidie. Mtoto mmoja atajaribu kuchomoa vijiti katikati ya fungu, mwingine atabaki anatazama, na wa tatu atauliza, "Mwalimu, nifungue hili?" Mwache afungue. Sasa ana mafungu 4 na vijiti 12 vilivyo huru. Mwulize: jumla imepungua? Kama ana shaka, ahesabu vyote upya mpaka aone ni 52 ileile. Kisha aondoe 7, vibaki 5. Aondoe mafungu 2, yabaki 2. Ni 25, na ameipata kwa mikono yake.

Kazi haijaisha hapo, na hapa ndipo vipindi vingi vinapopotelea. Siku ya vijiti watoto hufurahi, hucheza na vijiti, vijiti hukusanywa. Siku inayofuata mwalimu anageukia ubao, anaandika 52 kutoa 27 wima, na kuwaimbisha: mbili toa saba haiwezekani, nenda kwa jirani ukakope. Kwa mtoto hizo ni shughuli mbili zisizojuana. Hajui kwamba kilichotoka kwa jirani ni 10, na kwamba 4 aliyoiandika juu ya 5 iliyokatwa ni yale mafungu 4 aliyoyaona mezani jana. Vijiti na kalamu viende pamoja: akifungua fungu, papo hapo akate 5 na kuandika 4, akiwa na 12 mezani, aandike 12 daftarini. Kila tendo la mkono liwe na alama yake kwenye karatasi, kwa siku kadhaa, na mtoto aanze kuacha vijiti yeye mwenyewe atakapoona vinamchelewesha. Tusimnyang'anye mapema.

Nimeshaona shule zenye kona nzuri ya Hisabati, visoda vimepangwa kwenye makopo, abakasi ya waya imesimama dirishani, kadi za namba zimekatwa kwa maboksi. Ukisogea unakuta vumbi. Vinatolewa siku wathibiti ubora wa shule wanapokuja. Simlaumu mwalimu peke yake. Kipindi cha darasa la tatu na kuendelea ni dakika 40, na mwenye watoto 80 darasani akitaka kumsikiliza kila mmoja ana nusu dakika kwa mtoto, bila kufundisha chochote. Wizara ya Elimu yenyewe inasema kiwango ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tunajua hali ilivyo vijijini. Nitaeleza baadaye namna ya kuwasikiliza 80 kwa pamoja.

Sasa twende sokoni. Makambako ni mji wa njia panda: barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inakutana na ile inayokwenda Njombe hadi Songea, na reli ya TAZARA inapita hapo. Siku za likizo utamkuta binti wa miaka 11 amekaa na mama yake kwenye meza ya mahindi ya kuchoma. Tuseme hindi moja ni shilingi 700. Abiria anataka matatu, anatoa noti ya 10,000, dereva ameshaanza kupiga honi. Mtoto yule haandiki popote. Anasema 2,100, 900 ifike 3,000, bado 7,000. Chenji ni 7,900, ameshaitia mkononi mwa abiria na basi linaondoka. Mpe mtoto huyohuyo daftari, mwandikie 10,000 kutoa 2,100 wima, zile sifuri zikiwa zimejipanga mstari mmoja. Kuna uwezekano mkubwa akakwama.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1985 Terezinha Nunes na wenzake wawili walichapisha utafiti kuhusu watoto wanaouza vitu mitaani Recife, Brazili. Walijifanya wateja, wakawauliza bei na chenji, na watoto walijibu sawasawa karibu kila swali, asilimia 98. Baadaye wakawapa hesabu zilezile kwenye karatasi, tarakimu tupu bila nazi wala ndimu, na usahihi ukashuka hadi asilimia 37. Kuna mtoto mmoja aliulizwa bei ya nazi 10, moja ikiwa 35. Alihesabu hivi: tatu ni 105, tatu nyingine ni 210, tatu nyingine ni 315, na moja, 350. Shuleni alikuwa amefundishwa kwamba kuzidisha kwa 10 ni kuongeza sifuri. Hakuitumia kanuni hiyo, wala hakuihitaji.

Mwaka 2025 Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao walichapisha kazi kubwa zaidi ya aina hiyo kutoka Delhi na Kolkata, kwa watoto zaidi ya 1,400 wanaofanya kazi sokoni. Hali ilikuwa ileile: sokoni hodari, kwenye karatasi wanashindwa. Na wakaongeza upande wa pili, ambao kwangu ndio unaouma zaidi. Watoto wa shule wasiouza chochote waliweza hesabu rahisi za daftarini, lakini walipowekwa mbele ya miamala ya soko wengi walishindwa. Kila kundi lilikuwa na nusu ya Hisabati, na hakuna aliyewasaidia kuziunganisha hizo nusu.

Kwa hiyo wale wanaosema mtoto akauze tu, maisha yatamfundisha, wanakosea. Mtoto wa meza ya mahindi bila daftari ataishia kwenye hesabu za chenji. Hatafika kwenye asilimia, eneo wala aljebra. Na wale wanaosema biashara ya sokoni si Hisabati wanakosea vilevile. Mwalimu wa Makambako ana bahati kubwa: nusu ya somo imeshaingia darasani kichwani mwa watoto. Amwite yule binti wa mahindi mbele ya ubao, amwulize amepataje 7,900, kisha achore mstari wa namba. Alama kwenye 2,100. Mruko mmoja wa 900 hadi 3,000. Mruko wa pili wa 7,000 hadi 10,000. Darasa lijumlishe miruko. Hapo binti anaona kwamba alichokuwa akikifanya kila siku ni kutoa kwa njia ya kujumlisha, kwamba kina mahali kwenye ubao wa shule, na kwamba njia ile ndefu ya kupanga wima inaleta jibu lilelile. Mtoto aliyezoea kukaa nyuma kabisa atajikuta ndiye anayewafundisha wenzake. Huo mruko wa 900 na ule wa 7,000 ni zana ya bure.

Sasa vifaa vya kwetu. Watu wakisema Njombe haina vifaa vya kufundishia huwa nawatazama. Mkoa huu umejaa miti. Pita barabara ya Njombe uone vitalu vya miche, viriba vimepangwa kwa mistari iliyonyooka kama askari wa gwaride. Hiyo ndiyo kuzidisha. Mistari 6 yenye viriba 7 kila mmoja ni 6 mara 7, na mtoto akipita upande wa pili wa kitalu anaona mistari 7 yenye viriba 6, idadi ileile bila kuhamisha kiriba hata kimoja. Yule asiyeikumbuka 6 mara 7 kwenye jedwali lake, mwekee kamba baada ya mstari wa tano. Mistari 5 ya 7 ni 35, anaijua. Mstari mmoja uliobaki ni 7. Jumla ni 42. Hiyo kamba moja itamfikisha mbali. Atakapofika darasa la tano na kukutana na 16 mara 24, ataweka kamba baada ya mstari wa 10, na ataelewa kwa nini kwenye kuzidisha kwa ubao kunakuwa na majibu mawili ya kujumlisha, lile la mamoja na lile la makumi.

Sisemi majedwali yaachwe. Mtoto anayekaa dakika nzima kutafuta 8 mara 7 hana nafasi ya kufikiri juu ya swali lenyewe. Wakariri, waimbe, washindane. Ila wakariri kitu walichokiona, na akisahau awe na njia ya kukirudia mwenyewe bila kusubiri fimbo.

Na mbao? Makambako na Njombe kuna mashine za mbao kila upande, na masalia yanachomwa au yanatupwa. Kamati ya shule ikiomba, fundi seremala atakata vipande vidogo vya mchemraba vinavyolingana, vya kupima eneo na ujazo. Vipande vyembamba vya bapa vikipakwa rangi nyeusi ni vibao vya mkononi, na hapa ndipo ninapotimiza ahadi niliyoitoa kuhusu watoto 80. Kila mtoto awe na kibao na kipande cha chaki. Mwalimu anauliza swali moja, wanaandika, anahesabu tatu, wote wanainua. Kwa kutupa jicho mara moja anaona 50 wana 25, 20 wana 35, na 10 wameandika mambo mengine. Sasa anajua. Halazimiki kusahihisha madaftari usiku ndipo agundue kesho kwamba robo ya darasa ina kosa la aina moja. Anaandika ubaoni majibu mawili, 25 na 35, bila kutaja jina la mtu, na kuwaambia watoto wageukiane wawili wawili, kila mmoja amweleze mwenzake amepataje. Kelele itakuwapo. Ni kelele ya kazi. Anapita katikati yao, anasikiliza meza 4 au 5, anachagua wawili waje kueleza mbele. Dakika 10 zimetosha, na watoto 80 wote wamefungua midomo kuzungumza Hisabati.

Kuna jambo lingine la mbao ambalo vitabu havigusi. Mtoto wa hapa amekua akisikia mbao za mbili kwa nne, futi 12. Anazijua inchi na futi tangu mdogo kwa sababu baba au mjomba yuko shambani au kwenye mashine. Darasani anafundishwa sentimita na mita kana kwamba hajawahi kupima chochote. Mwalimu akianza na ubao wa futi 12 uliolala nje ya karakana, watoto wakaupima kwa rula ya sentimita 30 wakaona unazidi kidogo rula 12, mita inapata mahali pa kukaa kichwani.

Sehemu ndizo zinazoogopwa zaidi, na mimi naamini tunaziogopesha wenyewe. Muulize mtoto wa darasa la tano nusu kujumlisha robo kwenye karatasi, wengi wataandika 2 juu ya 6: wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Muulize yuleyule: umetumwa dukani ukaleta nusu kilo ya sukari, ukarudishwa ukaongeze robo, nyumbani kuna kiasi gani? Robo tatu, anajibu, na anakushangaa kwa kuuliza. Basi yaweke majibu yote mawili mbele yake. Mbili ya sita ukiichora kwenye karatasi iliyokunjwa ni theluthi moja, ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo. Sukari imeongezwa halafu imepungua? Mtoto mwenyewe ataona haiwezekani, na kuanzia hapo atakuwa na hamu ya kujua njia iliyo sahihi. Kanuni ya asili inayofanana ikija sasa, inamkuta anaisubiri.

Nizungumzie fimbo kidogo, kwa sababu siwezi kuipita. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 ziko wazi: ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na viboko visizidi vinne, kwa makosa makubwa ya nidhamu. Kukosa 52 kutoa 27 si kosa la nidhamu. Lakini sisi wote tuliosoma katika shule hizi tunajua jinsi Hisabati ilivyokuwa somo la kuchapwa. Madhara yake yanakwenda mbali kuliko maumivu. Mtoto anayeogopa kuchapwa hatakuonyesha alivyopata. Atanakili jibu la jirani, atafuta njia yake kwa mate, na wewe mwalimu utakuwa umefunga dirisha pekee la kumwona anafikirije. Swali la umepataje halifanyi kazi mbele ya fimbo.

Sasa fedha. Mpango wa elimu bila ada ulioanza Januari 2016 ulipanga ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, 6,000 ziende shuleni na 4,000 zinunue vitabu. Hizo 6,000 ni shilingi 500 kwa mwezi kwa mtoto mmoja, na zinatakiwa zitoshe chaki, mitihani, ukarabati na mengine. Ni kidogo, na ninaunga mkono ziongezwe. Ila zikiongezwa peke yake, tusitegemee makubwa. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha mpango wa KiuFunza katika shule 350 kwenye wilaya 10 za nchi yetu. Shule za kundi moja zilipelekewa ruzuku moja kwa moja; za kundi la pili, walimu waliahidiwa bahasha kwa kila mtoto atakayefaulu kusoma na kuhesabu; za kundi la tatu zilipata vyote viwili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba ruzuku peke yake haikuinua kujifunza kwa watoto. Shule zilizopata vyote viwili ndizo zilizopanda vizuri. Mimi sichukui hapo kwamba mwalimu ananunulika. Ninachokichukua ni kwamba kifaa kinahitaji mwalimu aliyetiwa moyo, mwenye sababu ya kukitumia na anayeona kazi yake inatazamwa.

Wazee wanaonisikiliza wanaikumbuka Hisabati mpya ya miaka ya sitini. Mwaka 1962 wataalamu wa Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe, Uganda, wakaandika vitabu vipya vilivyoenea nchi nyingi za Afrika, Tanganyika ikiwemo. Vilianza na seti, vikabadilisha mpangilio wote wa somo. Walimu wengi walipewa vitabu kabla ya kupewa muda wa kuvielewa, wazazi hawakuweza kumsaidia mtoto kazi ya nyumbani, na Kenya ikaifuta Hisabati hiyo mwaka 1981. Nakumbusha hili kwa sababu sasa hivi tuko kwenye mabadiliko mengine. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, elimu ya msingi itaishia darasa la sita badala ya la saba, na vitabu vya Taasisi ya Elimu vinasisitiza mtoto atende. Sina ugomvi na mtaala huo. Ninachoomba ni kwamba mwalimu asiachwe nyuma tena. Mpango wa mafunzo endelevu kazini, MEWAKA, unawataka walimu wakutane shuleni kwao kujadili somo. Mkutano wa namna hiyo ukigeuka kuwa kikao cha matangazo umepotea. Waje na madaftari ya watoto, si na mihtasari. Waweke mezani majibu 20 yaliyokosewa wakisie kila mtoto amepataje, kisha kesho yake wakamwulize waone kama wamekisia vizuri. Mwalimu aliyefanya hivyo kwa muhula mmoja anajua mambo ambayo hayako kwenye kiongozi chochote cha mwalimu.

Kuna tatizo ambalo hakuna mwalimu wa Hisabati anayeweza kulitatua peke yake, na nisingependa tulifiche. Mkoa wetu unalisha miji. Malori ya viazi, mahindi, maharage na maparachichi yanatoka hapa usiku na mchana. Na utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba nusu ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Nusu. Mtoto wa namna hiyo anafika darasa la kwanza akiwa ameshaanza nyuma, anatembea asubuhi ya baridi ya Juni akiwa hajala, na saa nne kichwa kinamzunguka. Uji wa shuleni ni zana ya kufundishia Hisabati. Kijiji kinachovuna magunia kwa mamia kinaweza kutenga debe kwa kila kaya kwa ajili ya shule, na hesabu ya madebe hayo watoto wa darasa la sita waifanye wenyewe: kaya ngapi, debe ngapi, gunia ngapi kwa debe sita sita, uji wa siku ngapi.

Redio nayo ina sehemu yake. Zanzibar kuanzia mwaka 2006 waliendesha masomo ya redio kwa watoto wadogo, Tucheze Tujifunze, sauti ikiuliza na watoto wakijibu, wakiimba na kuhesabu vitu vilivyo mbele yao, wengine wakiwa chini ya mti na mlezi wa kijijini kwa sababu shule iko mbali. Kwa vitongoji vyetu vya Ludewa na Makete ambako mvua ikinyesha barabara zinafunga, naona tungeweza kufanya jambo la aina hiyo kwa gharama ndogo sana, na ninalisema hapa ili wanaohusika wasikie.

Kwa leo, mzazi uliye na mtoto wa darasa la tano au la sita karibu na redio, mwite. Swali ni hili. Misindano hupandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3. Mama ana miche 450 na anataka mistari 18 inayolingana. Kila mstari utakuwa na miche mingapi? Na katika mstari mmoja, kutoka mche wa kwanza hadi wa mwisho ni mita ngapi? Kwenye sehemu ya kwanza hatasumbuka sana, ni 25. Kwenye ya pili wengi watasema 75. Usimwambie amekosa. Toka naye uani, mpange mawe 5 kwa nafasi ya hatua moja moja, mwache atembee kutoka jiwe la kwanza hadi la tano akihesabu hatua kwa sauti. Halafu arudi kwenye miche yake 25 na akueleze, kwa maneno yake, anabadilisha nini na kwa nini.